Tabibu wa Andalusia na Siri ya Jino

Hapa Kericho, penye mashamba ya chai yaendayo hadi Bomet, nimewaona wazee wa Kipsigis wenye pengo la meno ya mbele ya chini. Waling'olewa ujanani kwa mila yao, na faida moja itajwayo ni kuweza kumlisha mgonjwa wa pepopunda aliyekaza taya. Pengo hilo limenikumbusha tabibu Mwislamu ambaye wengi wetu hatumtaji: Abul-Qasim al-Zahrawi.

Alizaliwa yapata mwaka 936 Madinat al-Zahra, karibu na Cordoba, katika Hispania ya leo, na nasaba yake hutajwa kuwa ni ya Ansari wa Madina. Aliandika Kitab al-Tasrif, chenye sehemu 30. Ya mwisho ni ya upasuaji, na ina michoro ya vyombo vipatavyo 200. Alifariki yapata mwaka 1013. Katika karne ya 12 Gerard wa Cremona aliifasiri sehemu hiyo kwa Kilatini, na matabibu wa Ulaya wakaitegemea kwa karne nyingi.

Meno yaliyolegea aliyafunga kwa uzi wa dhahabu, na akaeleza jinsi mfupa wa ng'ombe unavyochongwa ukawa jino. Lakini aliusia jino litibiwe kwanza kwa kila njia. Maumivu, alieleza, humdanganya mtu: jino zima hushukiwa, vinyozi wakaling'oa, na maumivu yasiondoke.

Leo sababu yajulikana. Habari za meno mengi hupita njia moja kwenda ubongoni, nao ubongo hukosea chimbuko. Tena, kati ya mzizi wa jino na taya pana utando mwembamba wenye neva, ndio utuambiao kuwa chembe ya mchanga imo katika wali. Jino la kupandikizwa la titani, ambalo Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi alimtia mgonjwa wa kwanza mwaka 1965, hushikamana na mfupa bila utando huo. Ubongo hupata habari zake kupitia mfupa, ufizi, misuli na maungo ya taya. Mtu hutafuna vyema, ila mguso mwepesi humpita.

Basi, ndugu msomaji, usiku mmoja wa maumivu usitukimbize kwenye koleo, tuwe huku chaini au huko pwani. Kwanza tumwulize tabibu wa meno: ni jino lipi hasa, na je, laweza kuzibwa? Pengo huzibika, lakini hisi aliyoiumba Mola katika jino haijapata badala.