Al-Kindi, aliyehesabu herufi

Mwaka 2012 serikali ya Uingereza ilitoa hadharani ripoti mbili za Alan Turing, mwanahisabati aliyefumbua ujumbe wa siri wa jeshi la Ujerumani katika Vita Kuu ya Pili. Zilikuwa zimefungiwa kwa takriban miaka 70. Ndani yake mna hesabu za uwezekano na idadi ya marudio ya herufi. Wenzetu wa kitivo cha kompyuta walizifurahia sana, na wana haki. Lakini aliyeandika kwanza kuhusu kuhesabu herufi ili kufumbua siri, kwa kadiri ya maandishi yaliyotufikia, ni Mwislamu wa Kufa, zaidi ya miaka elfu moja kabla yake.

Abu Yusuf Ya'qub ibn Is-haq al-Kindi alizaliwa mnamo mwaka 801, wa kabila la Kinda. Baba yake alikuwa gavana wa Kufa. Alisoma Baghdad, akafanya kazi chini ya Khalifa al-Ma'mun, kisha al-Mu'tasim, ambaye alimkabidhi mwanawe Ahmad amsomeshe. Alisimamia tafsiri za vitabu vya Kiyunani na mwenyewe aliandika juu ya tiba, muziki, hesabu za Kihindi, manukato, hata panga. Ibn al-Nadim anaorodhesha zaidi ya vitabu 200 vyake.

Kimoja kilihusu kufumbua maandishi yaliyofichwa. Dola ya Bani Abbas ilikuwa vitani na Warumi wa Konstantinopoli, na makatibu wake waliandika barua nyingi za siri. Njia ya al-Kindi ni hii: chukua maandishi marefu ya kawaida ya lugha hiyo hiyo, hesabu kila herufi imetokea mara ngapi, zipange kuanzia iliyozidi. Kisha hesabu alama za barua ya siri na uzilinganishe. Alama iliyozidi huenda ndiyo herufi iliyozidi. Alitahadharisha kwamba barua fupi haifai, kwani hesabu yake hudanganya. Kwa Kiarabu alipata alif ya kwanza, ikifuatiwa na lam, kisha mim. (Najua mnachokifikiria. Ni hesabu tu, tusiipachike tafsiri.) Ukitaka kujaribu kwa Kiswahili, chukua ukurasa huu uhesabu, utaona a inavyoziacha nyingine mbali.

Mambo yaligeuka zama za Khalifa al-Mutawakkil. Ndugu wawili wa Banu Musa, Muhammad na Ahmad, wanahisabati wakubwa ambao leo tunawataja kwa fahari katika mihadhara yetu, walimfitini al-Kindi kwa Khalifa. Alipigwa, na vitabu vyake vyote vikachukuliwa na kuwekwa mahali pake, pakaitwa al-Kindiyya. Hapa huwa tunapita haraka tunaposimulia zama za dhahabu. Waliomnyang'anya maktaba hawakuwa Wamongolia wala Warumi.

Ibn Abi Usaybi'a, aliyeandika wasifu wa matabibu katika karne ya 13, anasimulia namna vilivyorudi. Ndugu hao walipewa kazi ya kuchimba mfereji wa mji mpya wa Khalifa, wakamwachia al-Farghani. Naye akakosea: mdomo wa mfereji ukawa na kina kuliko sehemu iliyobaki, maji yasingepita ila Tigris ikijaa. Khalifa aliposikia fununu aliapa kuwasulubu wakibainika, akamwita mhandisi Sanad ibn Ali akague. Sanad, ambaye nao walikuwa wamemweka mbali na Khalifa, aliwaambia hatasema neno la kuwaokoa hadi al-Kindi arudishiwe vitabu vyake. Wakaleta hati iliyoandikwa kwa mkono wa al-Kindi kwamba amevipokea hadi cha mwisho. Ndipo Sanad akamwambia Khalifa mfereji hauna kasoro. Mto ulikuwa umejaa na ungeficha kosa kwa miezi minne. Kabla haijaisha, mwaka 861, Khalifa aliuawa.

Al-Kindi alifariki Baghdad mnamo mwaka 873, Mwenyezi Mungu amrehemu. Vitabu vyake vingi vimepotea. Kile cha mafumbo nakala yake ilikaa katika maktaba ya Süleymaniye, Istanbul, na ilichapishwa Damascus mwaka 1987 tu. Kwa hiyo Turing, aliyefariki 1954, hakuwahi kukisoma.