Robert Hadfield na chuma kilichoshinda msumeno

Leo ninawaletea habari ya mtu wa zamani aliyetengeneza chuma kisichokatika kwa msumeno.

Robert Hadfield alizaliwa mwaka 1858 mjini Sheffield, Uingereza. Baba yake alikuwa na kiwanda cha kuyeyusha chuma, na Robert akafanya kazi humo.

Wakati ule mafundi walijua madini yanayoitwa manganezi. Ukitia kidogo katika chuma, kinapata nguvu. Ukizidisha, kinavunjika kama chungu. Basi wengi waliishia pale. Hadfield hakuishia. Aliongeza, akaongeza tena, akapima. Mwaka 1882, akiwa kijana wa miaka 23, alifika karibu asilimia 12 au 13, akaona ajabu. Chuma cha pua cha kawaida, ukikipasha moto na kukitumbukiza katika maji, kinakuwa kigumu lakini kinapasuka upesi. Hiki chake kilitoka majini kikiwa hakipasuki. Tena, kadiri unavyokipiga, ngozi yake inazidi kuwa ngumu. Ndiyo sababu vyombo vya kukatia vinachoka: vikikikwaruza, vinakiongezea ugumu!

Watu wakakifanyia makasha ya kutunza feza, njia panda za reli, na meno ya mashini za kuvunja mawe ya migodi. Toka mwisho wa mwaka 1915, kofia za askari Waingereza zilifanywa kwa chuma hicho, zikaokoa vichwa vingi. Lakini tusifiche: kiwanda chake kilifanya vilevile makombora, nayo yaliua. Mkono ulikuwa mmoja.

Hadfield alikufa mwaka 1940. Kazi ile haikufa. Mwaka 2020 wataalamu wa Uingereza na Ujerumani walionyesha kitu kingine: povu la aluminiamu lenye vidonge vigumu vya udongo uliochomwa ndani yake. Mashini ya kukata ikigusa vidonge hivyo inatetemeka, na kisahani chake kinalika.

Sisi wa mwaka wa sita tunakaribia mtihani wa Serikali. Wengi wetu tunaacha hesabu pale inapoanza kutushinda, hata mimi. Kama Hadfield angesimama walipoishia wengine, nani leo angejua jina lake? Basi turudie mara moja tena, kisha ndio tuseme haiwezekani.

Mkuu wa wanafunzi, mwaka wa sita