HORACE WELLS, MUNGANGA WA MENO ALIYEPIGANA NA UCHUNGU



Wengi wetu tunavumilia jino bovu miezi mingi, sababu tunaogopa koleo ya munganga. Basi, mara hii tunawaletea maisha ya mtu aliyetaka kuondoa woga huo.

Horace Wells alizaliwa tarehe 21 Januari 1815 katika jimbo la Vermont, Marekani. Alijifunza kazi ya meno huko Boston, kisha akafanya kazi katika mji wa Hartford, jimbo la Connecticut. Wakati ule jino lilingolewa mtu akisikia kila kitu, na vilio vya wagonjwa vilimsumbua sana Wells.

Tarehe 10 Desemba 1844 alikwenda pamoja na bibi yake kutazama maonyesho ya Bwana Colton, ambaye alivutisha watu gazi ya kuchekesha. Kijana mmoja aliyeivuta akaumia mguu, damu ikatoka, kumbe hasikii kitu! Wengine walicheka tu, Wells akawaza. Kesho yake akamwita Colton na gazi yake, akakaa yeye mwenyewe kitini, na mwenzake Riggs akamngoa jino. Hakuanza na mgonjwa, hapana: alianza na kinywa chake. Na uchungu ulimpita.

Mwezi wa Januari 1845 alikwenda Boston kuonyesha jambo hili mbele ya wanafunzi wa uganga. Lakini gazi iliondolewa mbio mno, mgonjwa akalia. Wale wanafunzi wakamzomea, wakamwita mdanganyifu. Wells akarudi kwake na haya, akaugua.

Tarehe 16 Oktoba 1846, Morton, aliyekuwa mwanafunzi wake zamani, akalaza mgonjwa kwa etere katika hospitali kubwa ya Boston, na waganga wakamsifu. Hapo mabishano yakaanza: nani ndiye wa kwanza? Wells akaendelea kujijaribu mwenyewe, sasa kwa klorofomu, mpaka akili ikavurugika. Mwezi wa Januari 1848, kule New York, aliwamwagia wanawake asidi njiani, akafungwa. Alipopata akili na kuona alilolitenda, akajiua gerezani tarehe 24. Alikuwa na miaka 33 tu. Nyuma ya kifo chake ikafika habari kwamba waganga wa Paris wamempa heshima. Mwaka wa 1864 chama cha waganga wa meno cha Marekani kikatangaza kwamba yeye ndiye mvumbuzi.

Leo gazi ile ile ingali inatumika, lakini inachanganywa na oksijeni na kuvutwa kwa pua. Mgonjwa halali: anatulia, anajibu akiulizwa, na shindano ya ganzi inapigwa bado penye jino. Kazi ikiisha, anavuta oksijeni peke yake dakika chache, ulevi unatoka. Kuna pia vidonge vya kutuliza, dawa ya kupitia mshipa, na kwa kazi nzito usingizi kamili hospitalini. Kila njia inataka munganga aliyeijifunza sawasawa.

Wanafunzi wenzetu, wale waliomzomea Wells walikuwa vijana wa shule kama sisi. Walicheka kosa la siku moja, na ukweli ulikuwa mbele ya macho yao. Mwenzetu akishindwa ubaoni, tukumbuke hayo kabla ya kufungua kinywa. Na mwenye jino bovu asiogope tena: aende mapema.