SALMAN AL-FARISI: KIJANA ALIYEKATAA KUFUATA TU



Miongoni mwa Maswahaba wa Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) yuko mmoja ambaye sisi vijana humtaja kwa jambo moja tu, lile handaki la Madina, kisha tukampita. Wallahi tunajinyima. Salman al-Farisi (R.A.), kabla hajajulikana kwa handaki, alikuwa kijana wa nyumba ya dini aliyefundishwa kila kitu na kutarajiwa asiulize. Akauliza. Na kisa chake alimsimulia mwenyewe Ibn Abbas (R.A.), kikapokewa katika Musnad ya Imam Ahmad, kwa hivyo hizi si hekaya za barazani.

Alizaliwa Uajemi, nchi ambayo leo ni Iran, katika kijiji cha Jayy upande wa Isfahan. Babake alikuwa mkuu wa kijiji, mtu wa mashamba na mali, na alimpenda mwanawe kupita kiasi hata akamfungia ndani ya nyumba kama anavyofungiwa mwari. Dini yao ilikuwa ya Kimajusi, moto ukitukuzwa. Salman aliishika dini hiyo kwa bidii mpaka akawa ndiye mtunzaji wa moto, kazi yake kuhakikisha hauzimiki hata kidogo. Tuangalie vizuri hapo. Huyu hakuwa mtoto mtundu aliyechoka na chuo akatafuta pa kutorokea. Alikuwa ndiye hodari wao!

Siku moja babake alikuwa ameshughulika na ujenzi, akamtuma shambani na kumsisitiza asikawie. Njiani Salman akapita kwenye kanisa, akasikia sauti za watu wakiswali. Kwa vile alifungiwa ndani miaka yote, hakuwa akijua watu wengine huishi vipi wala huabudu nini. Akaingia atizame. Akapendezwa, akakaa mpaka jua likatua, na shambani hakwenda kabisa. Aliwauliza wale watu swali moja tu, asili ya dini yao iko wapi. Wakamwambia iko Sham.

Kurudi nyumbani akakuta babake ameshatuma watu kumtafuta. Salman hakudanganya, alieleza alichokiona na kwamba amekiona ni bora. Jawabu la mzee likawa kwamba hakuna kheri yoyote katika dini ile, na dini yake na ya baba zake ndiyo bora. Basi. Hakuna dalili, hakuna maelezo, ni baba zetu tu. Sisi tuliosoma madrasa tunaijua hoja hiyo, maana Qur'ani imeitaja mara nyingi kwa wale waliowakataa Mitume, na tunaisoma kwa sauti nzuri tukidhani inawahusu Maquraish peke yao. Kijana alipozidi kushikilia, babake akamtia pingu za miguu.

Salman akapeleka habari kwa wale Wakristo, wamjulishe ukija msafara kutoka Sham. Msafara ukaja, na ulipokuwa tayari kurudi akazivua pingu, akaondoka nao. Aliacha nyumba ya tajiri, ardhi ambayo angeirithi, na baba aliyempenda, mara hii ndiyo ya mwisho kisa kinamtaja.

Sasa hapa ndipo penye kisa chenyewe. Kufika Sham aliuliza ni nani mbora wa watu wa dini hii, akaelekezwa kwa askofu wa kanisa. Akaomba kumtumikia, apate kujifunza na kuswali pamoja naye. Akakubaliwa. Kumbe yule askofu alikuwa mtu muovu. Alikuwa akiwahimiza watu watoe sadaka, wakimletea anajifichia, masikini hawapati kitu. Alikusanya mpaka ikajaa mitungi saba ya dhahabu na fedha.

Hebu jiweke mahali pake, kijana mwenzangu. Umeacha wazazi, umevunja pingu, umevuka jangwa, na mtu wa kwanza uliyeonyeshwa kuwa ndiye mbora ni mwizi aliyevaa joho. Wangapi katika sisi wangekata tamaa hapo? Vijana wawili watatu katika kila mtaa hawakanyagi msikitini kwa sababu ya pesa za mchango zilizoliwa, au kwa sababu ya mwalimu aliyesema hivi na kutenda vile. Na kuna wengine upande wa pili, ambao wakiyaona hayo hayo hufumba macho, ati huyo ni sheikh, usimseme, utapata dhambi. Salman hakuwa wa kundi hili wala lile. Anasema alimchukia yule mtu chuki kubwa kwa aliyoyaona. Lakini alibaki.

Askofu alipokufa, watu wakakusanyika kumzika kwa heshima. Salman akasimama, mgeni, kijana, mtumishi tu, akawaambia ukweli. Wakamtaka ushahidi, na hiyo ilikuwa haki yao. Akawapeleka hadi ilipofichwa hazina. Wakaitoa mitungi yote saba. Basi wakaapa hawamziki, wakamsulubu na kumpiga mawe.

Aliyewekwa mahali pake alikuwa kinyume chake kabisa. Salman anasimulia kwamba hakupata kumwona mtu katika wasioswali swala tano aliyekuwa bora kuliko huyu, wala aliyeipa nyongo dunia na kufanya ibada usiku na mchana kama yeye. Nalitaja hili makusudi, kwa kuwa kuna wanaokisimulia kisa hiki wakaishia kwenye mitungi saba, kana kwamba kilikuja kuwatukana jirani zetu Wakristo. Salman mwenyewe hakufanya hivyo. Alitumikia wachaji wanne mfululizo katika watu hao, na wote aliwasifu. Wa Sham alipokaribia kufa alimuusia aende kwa mtu fulani Mosul. Wa Mosul akamuelekeza Nisibin. Wa Nisibin akamuelekeza Ammuriyya, katika ardhi ya Warumi. Tazama ramani: ni safari ya kutoka Iran mpaka Sham, halafu Iraq, halafu Uturuki ya leo, yote kumfuata mtu mmoja mmoja aliyekuwa amebaki na ukweli. Na kila mmoja wao alipoulizwa hakujifanya kwamba yeye ndiye mwisho wa njia. Alimtaja mwengine.

Huko Ammuriyya Salman alifanya kazi akapata ng'ombe na kijikundi cha kondoo. Mchaji wa mwisho akamwambia kwamba hamjui tena mtu yeyote wa kumuelekeza kwake, ila zama za Mtume zimekaribia. Atakuja na dini ya Ibrahim (A.S.) katika ardhi ya Waarabu, na atahamia mji wenye mitende ulio baina ya ardhi mbili za mawe meusi. Akampa alama tatu: anakula zawadi, hali sadaka, na baina ya mabega yake pana muhuri wa utume.

Wakapita wafanyabiashara wa kabila la Kalb. Salman akawapa ng'ombe wake na kondoo wake wote wamchukue mpaka Uarabuni. Wakaichukua nauli, na walipofika Wadil Qura wakamuuza kama mtumwa kwa Myahudi mmoja. Baadaye akanunuliwa na jamaa wa huyo bwana, mtu wa Banu Quraydha, akapelekwa Madina. Alipouona ule mji tu akautambua kwa sifa alizopewa. Katika Swahih Bukhari imepokewa kwamba alipita katika mikono ya mabwana zaidi ya kumi.

Mwaka 622 Mtume (S.A.W.) alihamia Madina. Siku hiyo Salman alikuwa juu ya mtende akifanya kazi, na bwana wake amekaa chini. Akaja binamu wa yule bwana akilalamika kwamba watu wamekusanyika Quba kwa mtu aliyetoka Makka wanayedai ni Mtume. Salman akashikwa na mtetemeko, nusura amwangukie bwana wake. Akashuka kuuliza kumesemwa nini. Akapigwa konde kali, akaambiwa ashike kazi yake.

Ungedhani baada ya miaka yote hiyo angekimbia moja kwa moja na kutoa shahada. La. Usiku alichukua chakula kidogo alichokuwa amejiwekea akaenda Quba, akasema hii ni sadaka. Mtume (S.A.W.) akawaambia wenzake wale, yeye mwenyewe hakugusa. Salman akajihesabia moyoni: moja. Akaondoka, akakusanya tena, akarudi na kusema hii ni zawadi. Mtume akala pamoja nao. Mbili. Safari ya tatu alimkuta Baqii akiwa amesindikiza jeneza, akazunguka nyuma yake kutafuta ule muhuri. Na hapa ndugu zangu patizameni sana. Mtume (S.A.W.) alimwelewa kijana huyu anatafuta nini. Hakukasirika, hakumwambia ni utovu wa adabu kumpima Mtume wa Allah. Aliishusha shuka yake mgongoni ili aone. Salman akauona, akainama akaubusu huku akilia. Mtume akamwita aje mbele akae, akamtaka asimulie kisa chote, na akapenda Maswahaba nao wasikie.

Utumwa ulimzuia kuwepo Badr na Uhud. Mtume akamshauri aandikiane na bwana wake ajikomboe. Bei ikawa miche 300 ya mitende na wakia 40 za dhahabu. Maswahaba wakachangia miche, huyu 30, huyu 20, huyu 10, kila mtu kwa uwezo wake. Mtume (S.A.W.) akaipanda kwa mkono wake, haukufa hata mmoja. Akampa na kipande cha dhahabu mfano wa yai la kuku, deni likaisha. Akiwa huru alihudhuria vita vya Khandaq mwaka 627, Waislamu kama 3,000 mbele ya jeshi la kiasi cha 10,000, na vitabu vya sira vinasema yeye ndiye aliyetoa shauri la kuchimba. Neno letu handaki ndilo hilo hilo khandaq, ambalo Waarabu nao walilitoa kwa Waajemi.

Tabia yake ya kuuliza haikuisha aliposilimu. Mtume (S.A.W.) alimfanya ndugu na Abu Dardaa (R.A.). Siku moja akamzuru, akamkuta Ummu Dardaa amejiachilia hana pambo, kwa kuwa mumewe hana haja na mambo ya dunia. Abu Dardaa akamwandalia mgeni chakula, yeye amefunga swaumu ya sunna. Salman akakataa kula mpaka mwenyeji naye ale. Akala. Usiku Abu Dardaa akataka kusimama kuswali, Salman akamlaza, akataka tena, akamlaza tena, mpaka mwisho wa usiku ndipo wakaswali pamoja. Akamweleza kwamba Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki na mkewe ana haki. Kulipopambazuka habari ikapelekwa kwa Mtume, naye akasema Salman amesema kweli. Miaka mingi baadaye Abu Dardaa alimwandikia kutoka Sham akimwita kwenye ardhi takatifu. Salman akamjibu kwamba ardhi haimtakasi mtu, kinachomtakasa mtu ni amali yake.

Wakati wa Sayyidna Umar (R.A.) alifanywa gavana wa Madain, uliokuwa mji mkuu wa Kisra wa Uajemi. Aliyekuwa mtunza moto akarudi kuwa mtawala. Inapokewa kwamba posho yake ilikuwa dirham 5,000, akizitoa zote sadaka, naye akila kwa kazi ya mkono wake, kusuka vikapu vya majani ya mtende, kazi ambayo bibi zetu wa Lamu wenye kusuka ukili wangeijua mara moja. Alinunua majani kwa dirham moja akauza kwa tatu. Moja mtaji, moja ya nyumbani, moja sadaka. Mgeni mmoja alimwona njiani akadhani ni hamali, akamtwika mzigo, naye akaubeba. Watu wakamfahamisha yule mtu kuwa huyo ndiye amiri. Akataka kuupokea, Salman akakataa mpaka aufikishe.

Alifariki huko Madain, na mji wenye kaburi lake, kusini mwa Baghdad, unaitwa Salman Pak. Katika maradhi yake ya mwisho Saad bin Abi Waqqas (R.A.) alikwenda kumtizama, akamkuta analia. Akamwambia halii kwa kuiogopa mauti wala kuitamani dunia, bali Mtume (S.A.W.) aliwausia wawe na akiba ya mpita njia, naye anaona amejirundikia mali. Walipotazama pembeni yake wakaona bakuli, sinia na chombo cha kutawadhia. Pesa alizoacha zilipohesabiwa zilikuwa dirham ishirini na kitu.