Donella Meadows na Ndiva ya Dunia

Wakulima wa Bangalala, wilayani Same, hutegemea ndiva ya Manoo, bwawa linalojazwa usiku kwa maji ya mfereji na kufunguliwa asubuhi ili kumwagilia mashamba. Kanuni yake yajulikana kote katika milima ya Upare: yatokayo yakizidi yaingiayo, ndiva hukauka, hata kama jana ilifurika.

Kwa kanuni iyo hiyo mwanamke mmoja wa Marekani alishiriki kuipima dunia nzima. Donella Meadows alizaliwa mwaka 1941 mjini Elgin, jimbo la Illinois. Alisomea kemia, kisha akapata shahada ya udaktari katika fizikia ya viumbe kwenye Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1968. Baadaye alijiunga na wataalamu wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts waliofuata njia ya Jay Forrester. Kwa ombi la Klabu ya Roma, walitunga mfano wa hesabu ulioitwa World3, wakauingiza katika kompyuta. Humo walifungamanisha mambo matano: idadi ya watu, chakula, viwanda, uchafuzi na rasilimali zisizorejea, tangu mwaka 1900 hata 2100.

Matokeo yalitolewa mwaka 1972 katika kitabu The Limits to Growth, naye akiwa mwandishi wake mkuu. Kilionya kwamba mwendo wa dunia usipobadilika, ukuaji ungefikia ukomo kabla ya miaka 100 kupita, kisha ungeporomoka. Lakini kilisema pia kwamba mwendo huo waweza kubadilishwa. Wachumi wengi walikishambulia, wakidai kwamba kilipuuza nguvu ya bei na ya ufundi mpya. Bibi Meadows hakurudi nyuma. Alifundisha katika Chuo cha Dartmouth, akalima shamba huko New Hampshire, na tangu mwaka 1985 akaandika makala ya kila juma magazetini, ili mwananchi wa kawaida azielewe hesabu za wataalamu. Alifariki tarehe 20 Februari, 2001, akiwa na umri wa miaka 59.

Ametuachia somo zito juu ya kuchelewa. Madhara hujitokeza muda mrefu baada ya kosa, na angojaye kuyaona kwa macho huwa amekwisha kuchelewa. Sisi wa visiwani twanywa maji ya chini ya ardhi, ambayo hujazwa na mvua tu. Hivyo viongozi wanaoidhinisha visima, hoteli na mitaa mipya yawapasa kuuliza kwanza swali la mkulima wa Bangalala: usiku yameingia kiasi gani?