Sultani Abdelhafid na Masharti ya Baia ya Fez

Katika historia ya Waislamu wa Afrika Kaskazini, ni watawala wachache waliokabidhiwa madaraka kwa masharti yaliyo bayana kama Sultani Abdelhafid wa Moroko. Alikuwa mwana wa Sultani Hassan wa Kwanza, wa ukoo wa Alawi, naye alikuwa mtu wa elimu na mtunzi wa mashairi.

Baba yake alipofariki mwaka 1894, kiti kilimwendea mdogo wake, Abdelaziz, aliyekuwa bado kijana. Enzi ya Abdelaziz ilielemewa na madeni ya Ulaya. Mkutano wa Algeciras wa mwaka 1906 uliwapa wageni usimamizi wa benki ya dola na polisi wa bandarini, na mwaka 1907 majeshi ya Ufaransa yakaikalia Oujda, kisha Casablanca.

Agosti mwaka huo, Abdelhafid akatangazwa Sultani mjini Marrakech, alikokuwa naibu wa mdogo wake. Januari 1908 maulamaa wa Fez nao wakampa baia, lakini kwa masharti: aukatae mkataba wa Algeciras, aikomboe miji iliyotekwa, afute kodi zisizo na msingi katika sharia, na asiafikiane na wageni bila kuushauri umma. Agosti 1908 jeshi la Abdelaziz likasambaratika.

Hapo ndipo mtihani ulipoanza. Hazina ilikuwa tupu, na mataifa ya Ulaya hayakumtambua mpaka alipokubali mikataba na madeni ya mtangulizi wake. Mwanachuoni Muhammad al-Kattani, aliyekuwa mstari wa mbele katika kuweka masharti yale, alikamatwa mwaka 1909, akapigwa mijeledi hadi akafa. Mwaka 1911 makabila yaliyoasi yaliuzingira mji wa Fez, na Sultani akaomba msaada wa Wafaransa walewale aliotakiwa kuwafukuza. Tarehe 30 Machi 1912 akatia saini mkataba ulioiweka Moroko chini ya himaya yao. Agosti akajiuzulu, nduguye Yusef akatawazwa. Alifariki Ufaransa mwaka 1937.

Wapo wanaomwita msaliti, na wapo wanaomhurumia kwa kuwa alirithi dola iliyokwisha kuwekwa rehani. Udhuru wa madeni una uzito wake. Lakini damu ya al-Kattani haikudaiwa na Mzungu yeyote. Baia ni ahadi ya pande mbili, na anayemnyamazisha mwenye kumkumbusha ahadi amekwisha kuivunja.

Wallahu a'lam.