Carl Linnaeus, mutu aliyepatia mimea na wanyama majina

Wandugu wa migodi, mama na watoto wa kambi, leo tunaongea juu ya mutu mumoja wa Ulaya aliyekufa zamani, lakini kazi yake inatumika mpaka leo, hata hapa Katanga. Jina lake Carl Linnaeus.

Alizaliwa mwaka wa 1707 kule Råshult, kijiji cha inchi ya Uswidi. Baba yake alikuwa pasta mwenye kupenda sana bustani. Jina Linnaeus, baba ndiye alilichagua, kwa kufuata muti mumoja mukubwa wa kwao. Wazazi walitaka mutoto akuwe pasta vilevile, lakini yeye alipenda majani. Akasoma uganga.

Mwaka wa 1734 alifika Falun, muji wa mugodi mukubwa wa shaba, akashuka ndani. Hapa sisi wa migodi tusikilize vizuri. Aliandika yale aliyoona: moshi wa salfa ulioua majani pembeni ya mugodi, wafanyakazi kifua wazi, weusi kwa masizi, kitambaa cha sufu kwenye kinywa ili wasivute moshi na vumbi. Alifananisha na jehanamu. Hakuficha. Mwaka wa 1739 alioa kulekule Falun, binti ya munganga wa muji.

Kazi yake kubwa ilikuwa nini? Mwaka wa 1735, kule Uholanzi, alitosha kitabu cha kurasa kidogo tu, Systema Naturae. Ndani alipanga mawe, mimea na wanyama, sawa vile kampuni inapanga kazi: kila mufanyakazi iko na timu yake, timu iko ndani ya sehemu, sehemu iko ndani ya kampuni.

Shida ilikuwa majina. Wakati ule, wenye elimu waliita mumea mumoja kwa sentensi nzima ya Kilatini. Tomati ilikuwa na maneno zaidi ya saba! Nani atakumbuka? Mwaka wa 1753 Linnaeus akapatia kila mumea maneno mawili tu. Mahindi ya bukari yetu yakaitwa Zea mays. Mwaka wa 1758 akafanya vile kwa wanyama. Imbwa wa nyumbani ni Canis familiaris, mbweha ni Canis aureus. Neno la kwanza linaonyesha kama ni wa ukoo mumoja, la pili ni lake mwenyewe. Tangu pale, munganga wa Uswidi na mulimaji wa inchi ingine wanaweza kuongea juu ya kitu kimoja bila kukosana.

Lakini tuseme ukweli wote. Katika kitabu kile cha 1758, alipanga watu pia. Alituweka wote chini ya jina moja, Homo sapiens, na hiyo ilikuwa vizuri. Kisha akagawanya watu kwa mabara, Mwafrika akamuweka nyuma ya wote, na maneno ya kumuzarau. Wazee wetu walijua ubaya wa jina la vile: wakati ya ukoloni, baba mwenye watoto sita aliitwa boy. Mwenye kutoa jina iko na nguvu. Anaweza kuheshimu, anaweza kukandamiza.

Sayansi yenyewe ilikuja kutupa ule mugawanyo. Hata namna alipanga mawe haikusimama. Majina ya maneno mawili ndio yalibaki.

Linnaeus alifundisha miaka mingi kwenye chuo kikuu cha Uppsala. Alikufa pale tarehe 10 Januari 1778, akazikwa ndani ya kanisa kuu.

Hapa kwetu, kwenye udongo wenye shaba, kunaota ua dogo ambalo watafutaji wa madini wanalijua: ua la shaba. Kwa namna ya Linnaeus linaitwa Haumaniastrum katangense. Neno la kwanza ni la munganga wa mimea mumoja wa Ubelgiji. La pili ni la udongo wetu. Mutoto wako akilileta nyumbani, umufundishe majina yote mawili: ile ya kitabu, na ile nkambo wake alikuwa anaita.